Meza ya Mlangoni

Kosa langu lilikuwa la kijinga, na mtu wa umri wangu hana pa kulificha. Siku tuliyomswalia Mzee Nassoro nilichoka kusimama, nikajiketisha kwenye ngazi ya msikiti, mguu wangu mbovu nimeunyoosha mbele kama ilivyo desturi yake, mkongojo ubavuni. Jua lilikuwa kali. Nikavua kofia nikaiweka juu ya goti, na nikaiweka mdomo juu. Mtu yeyote aliyekulia Tanga anajua kiwete aliyekaa mlangoni mwa msikiti na kofia ya namna ile amekuja kufanya nini. Mimi nilikuwa namuwaza marehemu. Watu walipoanza kutoka nikahisi kitu kimegonga goti, kisha kingine, na kabla sijazinduka nilikuwa nimeshamjibu bwana mmoja mwenye kanzu mpya, "Mungu akuzidishie," kwa sauti ya mtu aliyeizoea kazi hiyo. Nilipochungulia ndani ya kofia nikaona sarafu, na noti moja iliyokunjwa vizuri. Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, mabega yakanitetemeka mpaka mtoto wa marehemu akaja kunishika akidhani nalia. Sikumwambia kitu. Zile fedha nilizitia kwenye sanduku la msikiti nikarudi nyumbani. Ningemwambiaje kwamba baba yake ndiye mtu wa kwanza kunikalisha mlangoni?

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wamezoea kudhani ni mguu ulionifunga, nami nimewaacha wadhani hivyo miaka yote kwa sababu ni udhuru unaonifaa. Ukweli ni kwamba hata ningepewa miguu minne, yote ningeitumia kukaa. Naupenda ua wetu, naupenda mkeka wangu, napenda kusikia chai ikichemka na watu wakisemana nyuma ya ukuta. Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa nimetoka shule ya sekondari na cheti changu, mama akakitia fremu akakitundika ukumbini juu ya mtungi wa maji, na mimi nikakaa chini yake kama vile nakilinda. Ningeweza kukaa hapo mpaka leo. Ila upande wa pili wa ua alikuwapo Bi Tatu, mjane aliyekuwa akipika vitumbua, mwanamke ambaye hakuwahi kupiga hodi wala kuteremsha sauti. Asubuhi moja nilimsikia akimwambia mama, makusudi nisikie na mimi: "Huyo kijana unamwatamia wa nini? Yai hilo? Lingekuwa yai lingekuwa limeshaoza." Mama akasema, "Tatu, mtoto mwenyewe si unamwona." Bi Tatu akajibu, "Namwona, ndiyo. Namwona kila siku. Ndiyo taabu yenyewe."

Basi nikatoka kutafuta kazi. Ofisi ya kwanza ilikuwa ya kampuni moja ya mkonge, ghorofani. Karani mkuu, bwana mmoja wa Kibondei aliyevaa tai, alikisoma cheti changu akakisifu, kisha akainama kidogo mezani ili auone mguu. "Umepandaje huku juu?" akaniuliza. "Kwa ngazi, bwana." "Peke yako?" "Nilikuwa na ngazi." Hakucheka. Akauliza moto ukizuka itakuwaje, nikamwambia nitashuka. Akasema wenzangu watakuwa wameshafika chini zamani. Nikamwambia basi nitawakuta hapo. Akanirudishia cheti kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mimi sina neno nawe, kijana. Ni huyu Mzungu." Baadaye nikasikia kuwa Mzungu naye aliulizwa, akasema yeye hana neno nami, ni makarani ndio wasingependa. Mahali pa pili palikuwa duka la vitambaa. Mwenyewe alinikaribisha kiti, akaniagizia soda, akazungukazunguka sana kabla ya kutua. Wateja wake, alisema, ni wanawake, na wengine wana mimba. Nikamwambia mimi na mimba hatujawahi kugombana. Akaona haya, lakini akaeleza: mwenye mimba akimtazama sana mtu wa namna yangu, mtoto naye hutoka hivyo, au ndivyo wanavyoamini, na mteja akiamini basi duka limefungwa. Nilipoaga akanikatia kipande cha kitambaa nimpelekee mama. Kila aliyeninyima kazi alinipa kitu. Mwezi ule nyumbani kwetu tulikuwa na kitambaa, sabuni, sukari na kopo la siagi. Kilichokosekana ni mshahara.

Ndipo nilipofika kwa Mzee Nassoro, barabara ya kumi na nne, Ngamiani. Alikuwa mfanyabiashara wa mbata, ile nazi iliyokaushwa ya kukamulia mafuta. Ikija kutoka Mtang'ata, Pangani, na hata kule Mkwaja, inapimwa kwenye mizani uani, inarundikwa ghalani, kisha inapelekwa kiwandani. Nyumba nzima ilinuka mbata, harufu tamu nzito ambayo mpaka leo ikinipitia najikuta nimesimama wima. Mzee alikuwa mfupi, mnene, mcha Mungu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Nilimwamkia, nikatoa cheti. Hakukitazama. Alinitazama mimi, macho yakamlainika, akasema, "Njoo kesho, mwanangu. Bismillahi." Hakuuliza ngazi, hakuuliza moto. Nilirudi nyumbani nikijiona kama nimechaguliwa na dunia nzima, na usiku huo mama alipika pilau, na Bi Tatu akala akasema haina chumvi.

Aliniwekea meza yangu mwenyewe. Karani aliyenitangulia, niliambiwa, alikuwa akikaa uani karibu na mizani. Yangu iliwekwa mbele, mlangoni kabisa, nusu ndani nusu barazani, ili mtu akipita asiweze kunikosa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya waliokuja kuuza. Uzito aliuandika mpwa wake kule nyuma. Nikimaliza majina nilikuwa nakaa. Nilipomwomba kazi zaidi Mzee alinipigapiga begani: "Pumzika, mwanangu. Wewe ukiwapo tu inatosha." Nililichukua neno hilo kuwa sifa. Mchana chakula kilikuja kutoka nyumbani kwake, na wapagazi walikizunguka kwenye sinia moja, mikono sita na utani wa matusi. Changu kilikuja peke yake, kwenye sahani yenye maua, kimefunikwa kawa, na kipande cha samaki kikubwa kuliko vyao vyote. Nilikula polepole kama bwana shauri wa serikali. Kombo, mkubwa wa wapagazi, mtu mwenye shingo kama gogo, alikuwa akinipitia na gunia mgongoni akisema, "Bwana Karani, samaki huyo hakupigi mwiba?" Wenzake wanacheka. Mimi nilidhani wananionea wivu.

Mambo mawili yangenifungua macho mapema kama ningekuwa mtu wa kufunguka. La kwanza lilikuwa Ijumaa. Asubuhi ya Ijumaa maskini wa mjini walipitia maduka kupokea sadaka, vipofu wakishikana mabega, viwete, mama wenye watoto, na Mzee alikuwa akisimama mlangoni kuwapa mmoja mmoja. Ijumaa yangu ya kwanza alipomaliza mstari, bibi mmoja aliyekuja kuuza mbata, katika kutoka, aliweka senti kumi juu ya daftari langu, akanifunika mkono wangu kwa wake, akaenda zake. Nilimwita, "Bibi, umesahau pesa yako!" Akageuka, "Sikusahau, baba." Jambo la pili lilikuwa Sefu, kijana wa mizani. Alipokea gunia moja la mbata mbichi bila kulijaribu. Mbata kavu ukiivunja inalia. Ikiwa na maji inapinda, na ukiirundika hivyo inapata joto na ukungu, inaambukiza jirani zake. Mzee alilifungua gunia lile, akalinusa, na Sefu akafukuzwa kabla ya adhuhuri, kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Nilimhurumia. Sikujua kwamba siku itafika nitamwonea kijicho.

Ramadhani ikaingia. Usiku mmoja Mzee alitualika wote kufuturu kwake. Tulikula barazani, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, na wapagazi, kwa mara ya kwanza, hawakusema matusi. Baadaye nilikwenda uani, na katika kurudi, kwa kuwa mguu wangu hupenda kusimama njiani kama punda, niliegemea ukuta kupumzika. Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Ndani alikuwamo Mzee na Mwalimu Omari wa madrasa, nikasikia vikombe.

"Yule kijana wa mlangoni, Mwalimu," Mzee alikuwa akisema. "Ninachompa kila mwezi, nikikitia katika zaka yangu, inasihi?"

"Anakufanyia kazi?"

"Anakaa."

"Kukaa hata mimi nimekaa, Nassoro. Nimekuuliza kazi."

"Anaandikaandika majina."

"Basi huo ni ujira, na ujira si zaka. Ukimlipa kwa kazi, umempa haki yake. Ukimpa zaka, huwezi kumwambia aje asubuhi. Shika moja."

Kikombe kikarudishwa kwenye kisahani. Kisha Mzee akasema, kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo, ndogo, "Mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nikimpeleka mizani, gunia likamwangukia, mama yake nitamtazama kwa macho gani? Nikimpa kazi nyepesi, wapagazi watanung'unika. Nikimpa nzito, mtaa utasema Nassoro hana huruma, anamtumikisha kiwete. Hayo nayaweza. Lakini siku akinikosea? Sefu nilimfukuza mchana, jioni nikala wali wangu. Huyu nitamfukuzaje? Nani atakayenielewa? Na mtu nisiyeweza kumfukuza, nitasemaje nimemwajiri?"

"Hilo halimo katika zaka," akasema Mwalimu. "Hilo kamuulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa nje ya dirisha, kauegemea ukuta. Tangu siku ile nimewasikia wengi wakitoa sababu za kutotuajiri, watu wa suti, watu wa mikutano, na kila mmoja husema yeye hana neno, ni wateja, ni bima, ni ngazi. Hakuna hata mmoja aliyesema kweli kama Mzee Nassoro alivyosema akidhani hakuna anayemsikia isipokuwa Mwalimu na Mungu. Usiku ule, lakini, sikuona ukweli wowote wa kuusifu. Niliona sahani ya maua. Niliona meza ilivyowekwa mlangoni, na mstari wa Ijumaa, na nikaelewa kuwa mstari ule ulikuwa na mtu mmoja zaidi kuliko nilivyokuwa nikihesabu, na kwamba huyo alikuwa na daftari. Nilijitazama, nikatafuta cha kujichekesha, maana ndiyo dawa yangu ya siku zote. Sikukipata.

Asubuhi nilimwamkia Mzee, akaitikia marahaba, nikamwambia nataka mizani. Akanikodolea macho. "Umesikia ya jana?" "Ukuta wa nyumba yako mwembamba, Mzee." Akakaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapangusa uso kwa ncha ya kilemba. "Na ukikosea?" "Unifukuze." "Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kufukuzwa." Nikamwambia kufukuzwa lazima kwanza mtu aingie. Alitazama barabara muda mrefu, watu wakipita na baiskeli zao. "Baada ya Idi," akasema.

Baada ya Idi meza ikahamishiwa uani. Sitadanganya kuwa nilikuwa hodari. Nilikuwa mzito, na mwanzoni wapagazi walinisubiri na magunia mgongoni huku wakimtaja mama yangu kwa namna isiyompendeza. Kombo aliamriwa na Mzee anichunge nisianguke, akawa ananifuata kama yaya mwenye ndevu, mpaka nikamwambia akinishika kwapa tena nitampiga mkongojo, akacheka, akaacha. Mchana niliingia kwenye sinia. Sinia ile ilikuwa na sheria zake: anayechelewa anakula wali mtupu. Siku ya kwanza nilikula wali mtupu, nikarudi nyumbani na njaa na furaha, na Bi Tatu akaniuliza kama nimeoa. Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka kwa utamu. Nilijifunza kuvunja mbata karibu na sikio. Nilijifunza kuingiza mkono hadi chini ya gunia, kwa sababu muuzaji mjanja huweka kavu juu. Kuinama nilikuwa naweza: naegemea mkongojo, naushusha mwili upande mmoja kama ngamia, nainuka. Haikuwa ya kupendeza kuitazama, lakini ilifika.

Kilichoniponza hakikuwa mguu, kilikuwa mdomo. Alikuja mzee mmoja wa Mkwaja na shehena nzima kwenye lori, mzee mchangamfu wa ajabu, na alikuwa ametoka kwenye harusi ambayo bwana harusi aliingia nyumba siyo. Mimi mtu wa ua, mtu wa masimulizi ya nyuma ya ukuta, ningefanya nini? Nilivunja mbata za juu, zikalia vizuri, na mkono wangu uliokuwa ushuke chini ya gunia ukabaki hewani ukingoja kusikia bibi harusi wa nyumba siyo alisema nini. Magunia yote yakaingia ghalani. Kabla ya mwezi kwisha Kombo aliweka kiganja juu ya lundo akakiondoa haraka. Lilikuwa moto. Tulipolifungua, ukungu wa kijani ulikuwa umetambaa kutoka kwenye mbata za Mkwaja mpaka za Pangani, lundo zima, kazi ya msimu.

Mzee alisimama mbele ya lundo lile. Wapagazi walitazama miguu yao, na kwa hiyo wakaonekana kama wanautazama wangu.

"Nani alipokea?"

"Mimi, Mzee."

"Ulivunja za chini?"

"Sikuvunja."

Uso ulimwiva, kifua kikapanda, nikaiona ile sauti iliyomfukuza Sefu ikija. Kisha macho yakamshuka mpaka kwenye mkongojo, na sauti ikafia njiani. "Ni kwa ajili ya kuinama, siyo?" akasema polepole. "Kuinama kunakutaabisha. Sema tu, mwanangu."

Alikuwa ananifungulia mlango, na nyuma ya mlango ule niliiona meza yangu ya zamani, na sahani ya maua, na mshahara wa kumpelekea mama kila mwezi. Neno moja lingetosha. Sote pale ghalani tungelipokea kwa shukurani na kwenda kunywa chai. Nimekuwa mtu wa kukaa maisha yangu yote, na sijawahi kutamani kukaa kama nilivyotamani wakati ule.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Kuinama naweza. Nilikuwa napiga soga."

Kombo ndiye aliyesema, bila ubaya, kama mtu anayekumbusha saa ya swala. "Sefu aliondoka kwa gunia moja, Mzee. Hili ni ghala."

Mzee Nassoro alimtazama Kombo, akanitazama mimi. "Toka," akasema, haikusikika vizuri. Akameza mate. "Toka! Toka ghalani mwangu, mpumbavu mkubwa we, mtu mzima unasimuliwa harusi mali ya watu inaoza! Nisikuone!" Sauti ilifika sokoni, sina shaka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Nilichukua kofia yangu nikatoka kwa mlango wa mbele, ambapo zamani palikuwa na meza, na mpaka kona ya kwanza nilikwenda kifua mbele kama mtu aliyepandishwa cheo. Kwenye kona nikakumbuka kuwa sina kazi.

Ijumaa ile, baada ya swala, Kombo alikuja nyumbani na sahani imefunikwa kawa. Niliyatambua yale maua kabla hajaitua. "Kasema ule," akasema Kombo, "na kasema hukupewa kwa ubaya." Akawa hataki kukaa wala kwenda. Mwishowe akanipa habari nyingine, akitazama pembeni. Alikuwa amekuja mtu dukani, kijana wa shamba la mkonge, mkono mmoja ulikatwa na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, anajua kusoma, anatafuta kazi ya mizani. "Mzee kamwambia nini?" Kombo akajikuna shingo. "Kamwambia, tulishajaribu." Akampa sadaka nzuri, alisema Kombo, nzuri sana, kisha akaniaga.

Nilikaa na sahani ile. Sefu alipofukuzwa, kesho yake Mzee aliajiri kijana mwingine mwenye miguu miwili na mikono miwili, na hakuna aliyesema tulishawajaribu. Mimi nilikuwa nimepigania nifukuzwe kwa kosa langu mwenyewe, nikafukuzwa kweli, na kosa likatoka pale na miguu yake likaenda kumngojea mtu nisiyemjua, kumfungia mlango. Nilivyofikiri hivyo ndivyo wali ulivyozidi kupoa. Nikiula, nitakuwa nimerudi kwenye mstari. Nikiurudisha, nitakuwa nimemtukana mzee aliyelia. Mama alikuwa chumbani anajipangusa macho kwa upande wa kanga. Ndipo Bi Tatu alipoingia, bila hodi, akaniuliza nini, nikamweleza yote, korona na machozi na maua ya sahani. Alisikiliza akiwa amesimama. Akainua kawa, akachagua kile kipande kikubwa cha samaki, akakimega, nusu akaitia kinywani na nusu akaniwekea mbele yangu. Alitafuna mpaka akamaliza, akatema mwiba, akasema:

"Umefukuzwa kama watu. Sasa kula kama watu, na kesho utoke humu ndani ukatafute kazi kama watu."